Barua ya wazi kwa wakuu wa SHA, KRA na Wizara ya Afya: mfanyakazi mwenye ulemavu analipa asilimia 2.75 kamili, mwenzake asiye na ulemavu 1.925

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Afya House. Afisa Mkuu Mtendaji wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), Barabara ya Ragati. Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (KRA), Times Tower. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), Waiyaki Way. Na Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa.

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu shilingi 495. Mfanyakazi mwenye ulemavu anayelipwa mshahara wa 60,000 hapa Nairobi anaigharamia bima ya SHA kwa shilingi 495 zaidi kila mwezi kuliko mwenzake asiye na ulemavu anayelipwa mshahara huo huo, meza ya pili. Hakuna sheria inayosema alipe zaidi, wala hakuna afisa aliyekaa akaamua hivyo. Sheria mbili za ofisi mbili tofauti zimekutana kwenye hati ya mshahara bila mtu wa kuzipatanisha, na kwa kuwa pengo hilo halina mwenyewe, kila anayeuliza huelekezwa dirisha jingine.

Tunaoandika ni makarani wa mishahara, maafisa wa rasilimali watu na wafanyakazi wenye ulemavu wa jiji hili. Hesabu hizi tunazifanya kila mwisho wa mwezi. Tunaomba mzifuate pamoja nasi, kwa kuwa suluhisho limo ndani ya hesabu zenyewe.

Enzi ya NHIF, bima iliyotangulia SHA, mchango ulikwenda kwa madaraja. Mwenye mshahara wa 60,000 alikatwa 1,300, na aliyefika 100,000 au zaidi alikatwa 1,700, basi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 madaraja yaliondoka na ikaingia asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 60,000 sasa anakatwa 1,650. Mwenye 100,000 anakatwa 2,750. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwenye 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, siku hizi anakatwa 550, na hilo ni jema.

Upande wa pili kuna kodi. Kwa agizo la mwaka 2010, mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na NCPWD na kupewa cheti na KRA halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Msamaha huo haukutolewa kama zawadi. Kuishi na ulemavu kuna gharama zisizoonekana kwenye mshahara: teksi kwa sababu makanga hana subira na kiti cha magurudumu, betri za kifaa cha kusikia, mipira ya mkojo, losheni ya kukinga jua, mtu wa kukusomea barua. Serikali ilikubali kwamba 60,000 mikononi mwa mtu huyu si sawa na 60,000 mikononi mwa mwingine, ikapunguza kodi kulingana na hilo.

Kisha ikaja tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya marekebisho ya kodi ilipoanza kutumika. Kabla ya hapo, aliyelipia bima ya afya alirudishiwa nafuu ya asilimia 15 ya mchango wake kupitia kodi. Sheria mpya iliondoa nafuu hiyo na badala yake ikaamuru mchango wa SHA utolewe kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Kwa walipa kodi wengi hii ni nafuu kubwa zaidi. Aliye kwenye daraja la kodi la asilimia 30, kama mwenye mshahara wa 60,000, anaokoa senti 30 kwa kila shilingi anayotoa SHA. Lakini nafuu yote hupitia kodini, na asiyetozwa kodi hana pa kuipokelea.

Wawekeni hawa wawili pamoja, kila mmoja na mshahara wa 60,000. Enzi ya NHIF, asiye na ulemavu alikatwa 1,300, akarudishiwa nafuu ya 195, bima ikamgharimu 1,105. Leo anakatwa 1,650, kodi yake inapungua kwa 495, na bima inamgharimu 1,155. Mabadiliko yote haya, kutoka NHIF hadi SHA, yamemwongezea shilingi 50. Mwenye ulemavu alikatwa 1,300 bila nafuu yoyote. Leo anakatwa 1,650, na nafuu haipo vilevile. Kwake ongezeko ni shilingi 350. Ukipanda hadi mshahara wa 100,000, wa kwanza ameongezewa 480 na wa pili 1,050. Kwa asilimia, mmoja analipa 1.925 ya mshahara wake na mwingine 2.75.

Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unafuata njia hiyo hiyo: 900 kwa mwenye 60,000, ambapo mwenzake anaokoa 270. Ukijumlisha na zile 495, tofauti ni 765 kwa mwezi, 9,180 kwa mwaka. Hayo ya nyumba tunayaacha kwa siku nyingine, ingawa yanahitaji dawa ile ile.

Tukiyasema haya, tunajibiwa kwamba huyu halipi kodi kabisa na hivyo ameshapata zaidi ya wote. Jibu hilo linasahau sababu ya msamaha. Ulitolewa kufidia gharama ya ulemavu, na fidia haifai kugeuzwa kuwa sababu ya kumtoza mtu zaidi mahali pengine. Mkisema 495 hizo ni haki kwa vile amesamehewa kodi, mnasema serikali ilikusudia kumsamehe kiasi fulani kisha imdai sehemu yake kupitia hospitali. Hatuamini mlikusudia hivyo.

Wengine hutuambia bima ni kusaidiana, kila mtu atoe. Tunakubaliana nao moja kwa moja. Hatuombi wenye ulemavu wasilipe. Anayelipa ana haki ya kusimama kaunta na kudai huduma, na wengi wetu tusingependa kuipoteza haki hiyo. Tunachotaka ni gharama iwe sawa na ya mwenzetu.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Mwenye cheti halali cha KRA atozwe asilimia 1.925 kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake wa mwezi, na 2.75 kwa kinachozidi. Mchango unaohusu kile kinachozidi ndio pekee utakaotolewa kabla ya kodi, ili mtu asipate nafuu mara mbili. Ijaribuni kwa mshahara wa 200,000. Sehemu ya kwanza inatoa 2,887.50 na ya pili 1,375, jumla 4,262.50. Zile 1,375 zinapunguza kodi kwa 412.50, na bima inamgharimu 3,850. Mwenzake asiye na ulemavu anakatwa 5,500, anaokoa 1,650, inabaki 3,850. Hesabu inalingana hadi senti ya mwisho, na hakuna ngazi ya kumwangusha mtu pale mshahara unapopita 150,000 kwa shilingi moja. Hivi sasa mambo yako kinyume: mwenye ulemavu anayelipwa 200,000 anapata nafuu kwa sababu sehemu ya mshahara wake inatozwa kodi, na anayelipwa 40,000 hapati hata senti.

Kuna mahali pawili pa kuangalia. Asiye na ulemavu anayelipwa chini ya 24,000 naye hatozwi kodi, kwa hiyo naye hana nafuu. Pendekezo letu lingempa mwenye ulemavu wa mshahara huo faida kidogo juu ya mwenzake. Kwa 20,000 ni shilingi 165. Hatutaomba radhi kwa ajili ya 165 hizo. Mahali pa pili ni kile kiwango cha chini cha 300. Kwa asilimia 1.925, yeyote mwenye mshahara usiofika 15,584 angeangukia chini ya 300. Tunashauri kiwango hicho kibaki kilivyo, ili mfumo usilazimike kubeba kanuni mbili za kiwango cha chini.

Hili halihitaji sheria mpya ya Bunge kwa upande wa SHA. Asilimia 2.75 na zile shilingi 300 zimo kwenye Kanuni za mwaka 2024, hazimo kwenye Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 yenyewe. Waziri hurekebisha kanuni na Bunge huzipitia. Kwa upande wa mishahara, kazi ni ndogo kuliko mnavyodhani. Marejesho ya P10 ambayo kila mwajiri huyatuma KRA kila mwezi yana ukurasa wake wa wafanyakazi wenye ulemavu. Majina yameshatenganishwa. Programu za mishahara zina alama ya kumtambua mwenye msamaha, kwa sababu bila hiyo zisingeweza kumhesabia kodi. Kinachokosekana ni safu moja kwenye faili ya SHA inayosema mtu huyu ana cheti, na kinaisha tarehe fulani.

Tarehe hiyo msiidharau. Vyeti vingi vilivyo mikononi mwa watu vina siku ya kuisha, na ikipita tu, kodi kamili inarudi kwenye mshahara unaofuata. Mfanyakazi hugundua benki, mwisho wa mwezi, akiwa na karo ya kulipa. Mfumo utakaojengwa utoe onyo miezi mitatu kabla, kwa mfanyakazi na kwa karani wake wa mishahara, na kiwango cha SHA kisibadilike wakati ombi la kuhuisha bado liko kwenye foleni ya KRA. Ucheleweshaji wa ofisi usilipwe na mwombaji.

Tukiwa bado kwenye mshahara, kuna posho ya msaidizi. Baadhi ya waajiri, serikali ikiwamo, huwalipa wafanyakazi wasioona au wanaotumia viti vya magurudumu posho ya kila mwezi ya kumlipa mtu wa kuwasomea, kuwaongoza au kuwasukuma. Pesa hizo hupita tu mkononi mwa mfanyakazi. Lakini kwa kuwa ni taslimu na hulipwa kila mwezi, mifumo mingi huzihesabu ndani ya mshahara wote na kuzikata asilimia 2.75. Chukueni posho ya 20,000. Inakatwa 550 kwa mfanyakazi. Kisha mfanyakazi huyo anamlipa msaidizi wake, tuseme 18,000, na kwa sheria ile ile yeye ni mwajiri, anayepaswa kumkata msaidizi 495 na kuziwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Pesa zile zile zimekatwa mara mbili, jumla 1,045, na katikati yake yuko mtu asiyeona anayetarajiwa kufungua akaunti ya mwajiri mtandaoni na kupakia faili ya mtu mmoja kila mwezi. Wengi hawajui kwamba wanapaswa kufanya hivyo. Wanaojua hushindwa kwenye kurasa ambazo programu ya kusomea skrini haiwezi kuzisoma.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kanuni: posho inayolipwa kwa ajili ya ulemavu isihesabiwe kuwa mshahara. Na mwajiri wa msaidizi mmoja aruhusiwe kulipa kwa simu, kwa namba ya kitambulisho cha msaidizi, bila faili.

Sasa twende kwa waliojiajiri. Fundi viatu wa Gikomba, mshonaji wa Kariobangi, muuza maji wa Githurai: hawa hawana hati ya mshahara. Wanajisajili kwa *147# au kupitia tovuti ya Afya Yangu, wanaulizwa maswali kuhusu kaya yao, na kompyuta inakadiria mapato kisha inatoa kiasi cha mwaka mzima. Cha chini kabisa ni 3,600, yaani 300 mara 12, na bima haianzi mpaka kiasi kilipwe.

Ubaya uko kwenye maswali. Yanapima vitu: nyumba imejengwa kwa nini, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapika kwa nini. Mantiki yake ni kwamba mwenye vitu bora ana pesa zaidi, na kwa watu wengi huenda ni hivyo. Kwa mwenye ulemavu mantiki hiyo hugeuka juu chini.

Choo cha ndani ni mfano ulio wazi kuliko yote. Katika ploti za mabati za Mukuru au Korogocho, choo huwa cha shimo, cha kuchangia, mlango wake mwembamba, na mbele yake kuna ngazi moja au mbili za mawe. Kiti cha magurudumu hakiingii. Anayetambaa hawezi kutambaa pale. Hivyo mtu huyo hulazimika kupanga chumba cha mawe, ghorofa ya chini, chenye choo chake, labda Umoja au Kayole, kwa kodi ya nyumba inayomeza nusu ya anachopata. Kompyuta inaona nyumba ya mawe, sakafu ya simenti, maji ya bomba na choo cha ndani, inamhesabu kuwa mtu wa kipato cha kati. Hapo choo ni gharama ya ulemavu, wala si dalili ya mapato. Gesi ni vivyo hivyo: mtu asiyeona au mwenye mkono mmoja hapiki kwa jiko la makaa kwa usalama, ananunua mtungi. Umeme nao: kiti cha betri lazima kichajiwe kila usiku, iwe biashara imekwenda au haikwenda. Kila kitu anachonunua ili aweze kuishi na kufanya kazi kinampandisha daraja.

Na kaya inahesabiwa yote pamoja. Kijana mwenye ulemavu aliyepata kazi ndogo ya kibarua, akiwa bado anaishi kwa mama yake, huingia kwenye hesabu kama kipato cha ziada. Kabla ya kibarua alikuwa mtegemezi, na kanuni zinamruhusu mtegemezi mwenye ulemavu kubaki chini ya bima ya mzazi bila kujali umri. Siku anapopata kibarua cha wiki sita, mlango huo unaanza kufungwa. Wazazi wengine huwaambia watoto wao wasijisajili kama wafanyakazi, na ukiangalia hesabu huwezi kuwalaumu.

Tunaomba maswali ya tathmini yaulize kama ndani ya kaya yuko mwenye kadi ya NCPWD, na jibu likiwa ndiyo, choo cha ndani, gesi, umeme na ghorofa ya chini visimpandishe. Tunaomba pia uzito wa kila swali uchapishwe, ili mtu aliyetozwa ajue kilichomtoza. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapomuumiza. Namba inayotokea kwenye simu bila maelezo haitimizi hilo. Pawe na njia ya kukata rufaa katika kituo chochote cha Huduma, na afisa awe na mamlaka ya kubadilisha kiasi baada ya kuiona kadi, badala ya kuandika barua pepe na kumwambia mtu arudi wiki ijayo.

Mpango wa Lipa SHA Pole Pole umesaidia kwa upande wa kugawa malipo. Tusisahau tu kwamba ni mkopo, na kwamba unagawa kiasi kile kile kilichokadiriwa vibaya.

Kati ya mwenye mshahara na aliyejiajiri kuna kundi la tatu, nalo ndilo linaloumia zaidi: wa mikataba mifupi. Wenye ulemavu wengi huajiriwa kwa miezi mitatu, sita, kwa mradi. Mkataba ukiisha tarehe 31 Machi, mchango wa mwisho ni ule wa Machi, unaotakiwa kufika SHA kufikia tarehe 9 Aprili. Baada ya hapo hakuna mwajiri wa kulipa. Ili aendelee kuwa na bima, mtu huyu lazima ahamishwe kutoka kwenye kundi la waajiriwa, afanyiwe tathmini, kisha alipe mwaka mzima kwa mpigo, katika mwezi ule ule ambao mshahara umekatika. Kuhama kwenyewe hukwama: mfumo bado unamsoma kama mwajiriwa, mwajiri wa zamani hajamwondoa kwenye orodha yake, na hakuna anayejibu simu upande ule. Mwenye kifafa, au mwenye jeraha la uti wa mgongo anayeweza kuamka na maambukizi ya njia ya mkojo wakati wowote, hana mwezi wa kusubiri.

Hapa tunataka mambo mawili. Mwajiri anapomaliza mkataba wa mtu alazimike kumwondoa kwenye orodha ya SHA ndani ya siku saba, na asipofanya hivyo mfanyakazi aweze kujiondoa mwenyewe kwa kuonyesha barua ya kumaliza kazi. Na mwenye kadi ya NCPWD aruhusiwe kulipa shilingi 300 kwa mwezi hadi miezi sita baada ya mkataba kuisha, bila tathmini, na bima yake isikatike hata siku moja. Akipata kazi nyingine, 2.75, au 1.925 mkikubali hesabu yetu, inaanza upya.

Wafanyakazi wanaosoma barua hii, neno moja kwenu pia: msingoje siku ya kuugua. Baada ya tarehe 9 piga *147# uone kama mchango wa mwezi uliopita umefika. Makato yakiwa kwenye hati ya mshahara lakini hayapo SHA, peleka nakala ya hati hiyo kwa karani wako kwa maandishi, uweke tarehe. Anayewajibika kwa mchango uliokatwa bila kuwasilishwa ni mwajiri, lakini kaunta ya hospitali haitajali hilo.

Kuhusu njia za kufikia huduma hatutasema mengi, maana mmeshayasikia. Menyu ya *147# hujifunga yenyewe kabla programu ya kusomea skrini haijamaliza kusoma chaguo la tano. Namba ya siri inayotumwa kwa simu husomwa na mlinzi au na mgonjwa wa foleni ya nyuma. Nambari ya kupiga bure, 147, haimfai kiziwi. Afunguliwe njia ya ujumbe mfupi inayojibiwa na mtu. Alama za vidole haziwezi kuwa ufunguo pekee wa bima ya taifa ambalo raia wake wengine hawana vidole, au mikono yao haitulii juu ya kioo. Njia mbadala iandikwe ndani ya mfumo, mhudumu wa mapokezi aione kwenye skrini yake na kuibonyeza, badala ya kutegemea huruma ya zamu ya siku hiyo.

Linalounganisha yote haya ni rejista. Mtu mwenye ulemavu hufanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali, ripoti inakwenda NCPWD, anapata kadi. Kisha anachukua kadi na ripoti hiyo hiyo hadi iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kuomba msamaha. Kisha anafika SHA, ambako kadi haina mahali pa kuandikwa inapohusu kiasi anachotozwa. Ofisi tatu za serikali moja, karatasi ile ile. NCPWD ikishathibitisha, KRA na SHA zisome uthibitisho huo kwa namba ya kitambulisho. Zisome ndiyo au siyo, na tarehe ya kuisha, basi. Aina ya ulemavu ni taarifa ya afya, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inailinda kwa ukali zaidi. Mwajiri hana haja ya kujua kama karani wake ana kifafa ili amkate 1.925.

Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kinakataza ubaguzi katika bima ya afya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imeshaanza kutumika. Kanuni za SHA ziliandikwa kabla yake. Huu ndio wakati wa kuzisomea pamoja, Waziri na NCPWD wakiwa meza moja, na mtu mmoja anayejua mishahara akiwa na kikokotoo.

Tunajua swali la kwanza ndani ya chumba hicho litakuwa: itagharimu kiasi gani? Ni swali la haki, na jibu lake halihitaji utafiti wa mshauri yeyote. KRA inapokea kila mwezi, kwenye ukurasa ule wa P10, orodha ya wafanyakazi wenye ulemavu pamoja na mshahara wa kila mmoja. Chukueni mishahara ya mwezi mmoja, kila mshahara hadi 150,000 zake za kwanza, zidisheni kwa asilimia 0.825. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho SHA ingepungukiwa kwa mwezi. Kamishna Mkuu, tunaomba namba hiyo, jumla tu bila majina, iwekwe mbele ya Kamati ya Afya kabla bajeti ijayo haijasomwa.

Wenu,
Makarani wa mishahara, maafisa wa rasilimali watu na wafanyakazi wenye ulemavu,
Nairobi